Hofu ya Kuazima

Oakland

Mbele yangu kwenye foleni alisimama mama wa makamo mwenye kofia ya sufu, kapakata disiki sita: wachawi wawili, mnyonya damu mmoja, nyumba yenye mashetani, na mbili ambazo majalada yake sikuthubutu kuyatazama mara ya pili. Mkutubi alizipitisha mojamoja kwenye mashine yenye mwanga mwekundu, akampa karatasi yenye tarehe ya kurudisha, mama akaaga akaenda zake. Hakulipa hata senti. Hakuacha kitambulisho. Wala hakuna aliyemwuliza mtu mzima kama yeye anatafuta nini kwa mashetani.

Hiyo ilikuwa Oakland, mtaa wa vyuo vikuu mjini Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, wiki ya tatu ya Oktoba. Nilikuwa nimekuja kumsalimu kaka yangu ambaye sikumwona kwa miaka tisa. Binti yake wa miaka 13 ndiye aliyenivuta mkono: "Shangazi, twende maktaba tukachukue filamu za Halloween kabla hazijaisha." Nilidhani Kiswahili chake kimemchanganya. Maktaba ninayoijua mimi ni mahali pa vitabu, ukimya na mitihani.

Jengo lenyewe linatisha kidogo hata bila filamu. Lilifunguliwa mwaka 1895 kwa fedha za Andrew Carnegie, Mskoti aliyeletwa Marekani akiwa mtoto maskini na akatajirika kwa chuma. Juu ya mlango yamechongwa kwenye jiwe maneno yanayosema kwamba nyumba hii ni bure kwa watu. Nikamwuliza binti kama bure hiyo inafika mpaka kwenye mashetani. Akanionyesha rafu nzima.

Utaratibu nilielezwa na yeye, nikautafiti baadaye kwa udadisi wangu. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inamruhusu aliyenunua nakala halali ya filamu kuiuza au kuiazimisha bila kumwomba mtengenezaji ruhusa tena. Kwa hiyo maktaba hununua disiki moja na kuiazimisha kwa watu mpaka ichakae. Ila kuionyesha ukumbini mbele ya hadhira ni jambo jingine, hilo linahitaji leseni. Tulitaka *Halloween* ya John Carpenter ya mwaka 1978. Haikuwepo. Kwenye kompyuta tulikuta watu kumi na wawili wameshaiwekea oda mbele yetu. Oktoba, filamu za kutisha hapa hugombaniwa kama tende mwezi wa Ramadhani.

Nikamwuliza mkutubi, kwa Kiingereza changu cha tahadhari, kama mtoto wa umri huu anaruhusiwa kuchukua vitu hivi. Akajibu kwa upole kwamba huo ni uamuzi wa wazazi wake, maktaba haimchagulii mtu. Huo ndio msimamo wa chama cha maktaba cha nchi hiyo pia: alama za umri zilizobandikwa kwenye majalada ni za chama cha watengenezaji filamu, si sheria, na mkutubi hana kazi ya kuzisimamia. Tukatoka na nne: *Night of the Living Dead*, *White Zombie*, *Nosferatu* na *Martin*. Hiyo ya mwisho nilimwambia binti wazi kwamba nitaitazama mwenyewe.

Ngamiani

Sasa nirudi nyumbani kidogo, maana safari yote hii nilikuwa napima mizani.

Nimekulia Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Maktaba ya mkoa ilikuwa jengo zuri la enzi za Mwingereza, lililojengwa kwa kumbukumbu ya Mfalme George VI. Tulikwenda huko kidato cha nne kilipokaribia, tukakaa kimya, tukatoka. Mikanda ya video ilikuwa kwingine, kwenye kile tulichokiita laibrari ya video: chumba kimoja cha mbele ya nyumba, rafu za mbao, feni inayolia, na mwenye duka aliyekaa nyuma ya daftari kubwa la mistari.

Daftari hilo lilikuwa ndiyo kompyuta yake. Jina, mkanda, tarehe. Ulilipa mia tatu kwa usiku mmoja, ukaacha kitambulisho cha shule. Ukirudisha mkanda bila kuurudisha mwanzo, faini hamsini. Ukichelewa, mdogo wako anasimamishwa barabarani akaulizwe. Picha za kutisha ziliwekwa rafu ya juu, zikichanganywa na za Kinaijeria, na kila mtu alijua nani amechukua ipi, maana daftari lilikuwa wazi mezani.

Asiye na deki nyumbani alikwenda kibanda cha video. Sheria ya filamu ya mwaka 1976 iliweka bodi ya kukagua nini kionyeshwe na kwa nani, lakini mlangoni pa kibanda kilichokaguliwa ni sarafu. Humo ndimo sauti ya Lufufu ilimotawala. Lufufu alikuwa mfasiri wa filamu, Derek Mukandala kwa jina lake, na neno mfasiri halimtoshi. Alizungumza juu ya filamu kwa Kiswahili, akawapa wahusika majina ya kwetu, akawatania, akakuonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Kenya baadaye wakampata DJ Afro wao. Shetani wa Kizungu akipita kwenye koo la Lufufu alikuwa ameshakuwa jirani.

Kwa hiyo tofauti ya kwanza niliyoandika kwenye daftari langu ilikuwa hii: kule, maktaba ya umma inaazimisha filamu na mtu hutazama kimya kwake. Kwetu, mtu binafsi aliazimisha filamu, na tulitazama kwa kelele pamoja.

Sebuleni

Tulipofika nyumbani tukagundua hakuna mashine ya kuchezeshea disiki. Kila kitu siku hizi kinatoka kwenye intaneti. Binti akanipeleka duka la mitumba, na hapo nilicheka mpaka machozi, maana nilikuwa nimesimama kwenye chimbuko la mto ambao mkondo wake naujua tangu utoto. Deki tuliipata kwa dola nane.

Kaka yangu hakufurahi. Alisimama mlangoni na kanzu yake ya nyumbani. "Dada, umetoka Tanga kuja kumfundisha mtoto mashetani ya Wazungu?"

"Haya yana tarehe ya kurudisha," nilimjibu.

Alinyamaza, na nilijua anachokumbuka. Mwaka 1995 tulikuwa likizo Unguja kwa mama mdogo wakati wa uvumi wa popobawa, shetani aliyesemwa huvamia watu usiku. Watu waliacha vyumba vyao wakalala nje, barazani na uwanjani, moto ukiwaka, wanaume wakikesha zamu. Uvumi ulianzia Pemba, ukavuka Unguja, ukafika mpaka Dar es Salaam. Kaka alikuwa mdogo. Alilala kashika kanga yangu kwa usiku tisa. Hakuna aliyekwenda dukani kuichagua ile hofu, na kwake yeye haijarudi ilikotoka mpaka leo.

Akaketi hata hivyo, kwenye kiti cha mbali, akijifanya anasoma simu.

*Night of the Living Dead* ni filamu ya mji huu. George Romero alizaliwa New York, akaja kusoma Pittsburgh, akabaki, akaanza kwa kutengeneza matangazo. Mwaka 1968, kwa dola zisizozidi sana 114,000, yeye na wenzake wakatoa picha ya rangi nyeusi na nyeupe kuhusu maiti wanaofufuka na kula watu, na watu saba waliokwama kwenye nyumba ya shamba. Damu mnayoiona ni sharubati ya chokoleti. Shujaa ni Duane Jones, mtu mweusi. Mwaka ule, mweusi kuwa mtu mwenye akili kuliko wote ndani ya nyumba, na filamu isiseme neno lolote kuhusu rangi yake, halikuwa jambo la kawaida.

Sisi tuliokulia vibandani tuna kanuni moja: steringi hafi. Apigwe, atupwe, afungwe kwenye gari la moshi, atarudi. Nilimwambia binti hivyo filamu ilipokuwa katikati, alipoanza kuuma kucha. "Usiogope, steringi hafi."

Kulipokucha, Duane Jones akatoka chini ya nyumba akiwa hai peke yake. Kundi la raia wenye bunduki waliokuwa wakisafisha maiti wakamwona dirishani, wakadhani ni mmoja wao, wakampiga risasi ya kichwa. Kisha wakamburuta kwa kulabu za nyama na kumtupa kwenye kuni.

Binti alikaa kimya. "Shangazi, mbona walimpiga? Alikuwa mzima."

Sikuwa na jibu la haraka. Kaka yangu ndiye aliyejibu kutoka kwenye kiti chake, bila kuinua macho kwenye simu: "Hawakuuliza." Romero amewahi kusimulia kwamba walikuwa garini wakiipeleka filamu iliyokwisha New York waliposikia redioni kwamba Martin Luther King ameuawa. Nilimwaza Lufufu. Dakika ile angeifanyaje? Nadhani hata yeye angefunga mdomo.

Baada ya chai binti akauliza zombi kwa Kiswahili ni nini. Nikasema msukule, kisha nikajisahihisha. Msukule wetu hali mtu. Msukule ndiye anayeliwa: ndugu yako mliyemzika, kumbe mchawi amemchukua, anamlimisha usiku, anamlisha pumba, ulimi haufanyi kazi asije akataja jina la aliyemchukua. Hofu yake ni ya kutumikishwa mpaka ng'ambo ya kifo.

Ndipo tukaweka *White Zombie* ya mwaka 1932, na hapo nilikaa wima. Mambo yanatokea Haiti, kwenye kiwanda cha sukari. Maiti wasio na neno wanazungusha mtambo wa kusagia miwa. Mmoja anateleza na kuanguka ndani ya mtambo, na wenzake hawasimami hata kidogo. Hao si wala watu wa Romero, ni misukule yetu mitupu. Wanaochunguza asili ya maneno huliunganisha neno zombi na lugha za eneo la Kongo, lugha za Kibantu zilizovuka bahari ndani ya merikebu za watumwa. Watu waliofanyishwa kazi mpaka kufa kwenye miwa hawakuhitaji kuambiwa msukule ni nini. Hollywood iliazima hofu yao, Romero akaazima umbo lake na kulipa njaa ya nyama, wala kwenye filamu yake ya kwanza neno zombi halitamkwi. Na mimi nimeipokea Pittsburgh, kwa kadi ya maktaba ya kaka yangu.

Evans City

Jumamosi kaka alituendesha mwenyewe mpaka Evans City, kaskazini mwa jiji, chini ya saa moja. Hapo kilimani ndipo makaburi yanayofungua *Night of the Living Dead*, na kikanisa kidogo cha makaburini kilichokaribia kubomolewa mpaka wapenzi wa filamu wakachangishana kukitengeneza. Majani ya miti yalikuwa mekundu kama pilipili. Kijana mmoja na mchumba wake walikuwa wakipigana picha, mmoja akijifanya maiti.

Tulipokuwa watoto tuliambiwa ukilinyooshea kaburi kidole, kidole kitaoza. Pale watu walikuwa wananyoosha vidole kila upande: jiwe lile, mti ule, hapa ndipo aliposhika, hapa ndipo alipoanguka. Niliweka mikono mfukoni. Nikamtazama kaka, naye kaiweka mfukoni. Hatukusemeshana.

Lakini nilishika jambo moja pale. Mji mdogo umekubali kwamba hadithi ya uongo iliyotungwa juu ya makaburi yake ni sehemu ya urithi wake, na watu wametoa fedha zao kukitunza kikanisa.

Braddock

Tuliporudi nikaomba tupitie Braddock, kando ya mto Monongahela, kwa ajili ya *Martin* niliyokuwa nimeitazama usiku peke yangu.

Braddock ndiko Carnegie alikojenga maktaba yake ya kwanza ya Marekani, mwaka 1889, jirani na kiwanda chake cha chuma. Chini yake aliweka mabafu, ili wafanyakazi waoge masizi kabla ya kushika vitabu. Kiwanda bado kinatoa moshi, mji ndio umekonda: mwaka 1920 ulikuwa na watu zaidi ya 20,000, mwaka 2020 hawakufika 2,000. Romero alipiga *Martin* humu katika miaka ya 1970, mji ukiwa tayari umeanza kumwaga watu. Kijana Martin anaamini kwamba ni mnyonya damu, lakini hana meno ya kuchomoza. Ana sindano ya kulaza na wembe.

Mtu wa pwani akisikia sindano na damu anajua mara moja jina. Mumiani! Wazee wetu walisimulia watu waliokamatwa usiku na kutolewa damu kwa ajili ya dawa ya wakubwa, na huko Kenya wakati wa ukoloni lawama ziliangukia mpaka wazimamoto na gari lao jekundu. Meno marefu na majoho hayakumtisha mtu kwetu. Kilichotisha ni chombo cha hospitali mikononi mwa mwenye mamlaka. Ajabu ni kwamba Romero alifika mahali palepale bila kutujua, kwenye mji ambao mwenye kiwanda alikamua watu kisha akawajengea maktaba.

Jioni nilimsimulia wifi yangu, ambaye ni muuguzi na kutoa watu damu ndiyo kazi yake ya kila siku. Alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe wifi mumiani wa familia ni mimi!"

Tarehe 31, na asubuhi yake

Halloween yenyewe ilipita haraka kuliko nilivyotazamia. Sikukuu hiyo ililetwa na wahamiaji wa Ireland na Uskoti, na Wamarekani wameitia ratiba: halmashauri hutangaza muda, kipindi cha saa mbili hivi jioni, watoto wapite nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Muda ukiisha, mizimu yote inakwenda kulala. Kaka aliyekataa mashetani ndiye aliyenunua peremende nyingi kuliko majirani, akazigawa mlangoni na "karibuni, karibuni".

Tukafunga usiku kwa *Nosferatu*, na hapa ndipo daftari langu lilipopata hitimisho. Filamu hiyo ya Kijerumani ya mwaka 1922 ilichukua hadithi ya *Dracula* bila ruhusa. Mjane wa mwandishi Bram Stoker akashtaki, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala ziteketezwe. Tunaiona leo kwa sababu nakala kadhaa zilikuwa zimeshatawanyika mbali. *Night of the Living Dead* nayo iliokolewa na kosa: jina lake lilipobadilishwa dakika za mwisho, msambazaji akasahau kurudishia tangazo la hakimiliki kwenye picha, na kwa sheria ya wakati ule filamu ikawa mali ya kila mtu. Romero na wenzake walipoteza fedha nyingi. Lakini ndiyo maana maktaba yoyote inaweza kuionyesha ukumbini Oktoba bila kulipia leseni. Mwaka 1999 iliingia kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na Romero alipofariki mwaka 2017, haikuchukua muda makaratasi yake yakaingia kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh, hatua chache kutoka kwenye foleni yetu ya Oakland.

Na zetu? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitengeneza *Nsyuka* na *Shumileta*, filamu za Kiswahili za kutisha, zenye majini na mizimu ya kwetu, ambazo watu walizikodi mpaka majalada yakapauka. Nilizitazama Ngamiani kwa mkopo wa usiku mmoja. Laibrari ile sasa ni kibanda cha kutuma fedha kwa simu. Nilipomwuliza mwenye duka mikanda ilikwenda wapi, alisema mingine iliota ukungu na mingine walichezea watoto. Sauti ya Lufufu iliyokuwa kwenye kanda hizo ilikwenda nayo.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nadhani walikuwa wanasema na sisi. Tunaazima hofu za Pittsburgh kwa sababu Pittsburgh imezitunza, na za kwetu tumeziacha kwa panya.

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba mimi na binti tulirudisha disiki zote nne, bila deni. Nimerudi Tanga na ombi kwa wakuu wa maktaba zetu za mikoa: tengeni rafu moja ya filamu za Kiswahili, hata za majini, na muwaazimishe watu. Na wewe msomaji, ukiwa na disiki ya *Shumileta* au kanda ya Lufufu chini ya kitanda, usiitupe. Ipanguse vumbi, andika jina lako nyuma, kabishe hodi maktaba ya mkoa wako uwaulize kama watakutunzia.